Moshi wa Ndege ya Jinja

Watu wa Mbale walimwita Mzee wa Moshi, naye hakulipenda jina hilo. Alisema moshi ni wa nyumba inayoungua, na yeye hajawahi kuunguza nyumba ya mtu. Lakini kazi yake ilikuwa hiyo hasa: kuwasha moto wa majani mabichi kwenye kona ya uwanja wa ndege, ule wa nyasi, ukishapita viwanda, ili rubani anayetoka Jinja aone moshi unalalia upande gani na ajue upepo unatoka wapi kabla hajashuka. Zamani kulikuwa na mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kuonyesha upepo, mpaka mtu mmoja alipoushusha akashonea suruali. Hakuletwa mwingine. Miaka ile ya serikali ya jeshi kitu kikishaibwa kimeibwa, na waliobaki wanajifunza kuishi bila hicho kitu.

Mimi nilikuwa opareta wa simu posta ya Mbale. Nilikaa mbele ya mashine yenye matundu mengi, visikilizio masikioni, nikichomeka waya huku na kuchomoa kule, na mji mzima ukazungumza kupitia vidole vyangu. Watu hudhani kazi ile inamwondolea mtu upweke. Wapi. Unawasikia wakibembelezana, wakigombana, wakipeana habari za msiba, kisha unachomoa waya na chumba kinanyamaza, na katika wote hao hakuna aliyezungumza nawe. Mzee wa Moshi alikuwa mtu wa kwanza kuja kwa miguu mpaka dirishani kwangu kuniuliza kama nimekula.

Hata hivyo, siku ya kwanza alikuja kulalamika.

"Dada wa simu," alisema, kofia mkononi, "leo hiyo laini yako ilikuwa na mchanga ndani. Mama ameongea, mimi nimesikia nusu."

Mama alikuwa mkewe. Aliuza chai na maandazi kwenye baraza la uwanja wa ndege wa Jinja na alilala Mafubira, katika chumba cha kupanga. Wote wawili walikuwa Wakenya, watu wa upande wa Bungoma. Walikuja Uganda pamoja wakati kazi zilikuwa nyingi, yeye akapata Mbale, mke akaota mizizi Jinja, na kila mmoja akawa anasubiri mwenzake aache kazi amfuate. Nadhani wote wawili walikuwa wabishi. Sikuwahi kumsikia hata mmoja akikiri hivyo.

Ndege ndogo ilitoka Jinja kuja Mbale Jumanne na Ijumaa, ikageuka siku hiyo hiyo. Ikishapaa, karani wa Jinja alitakiwa kupiga simu Mbale kusema imeondoka. Sasa karani huyo hakuipenda simu yetu, kwa sababu ilitaka mtu apige kelele, naye alijiona ni mtu wa heshima. Akaona mwenye sauti ya kupiga kelele ni yule mama wa maandazi. Ndivyo ilivyotokea kwamba kwa miaka mingi habari za ndege ya Jinja zililetwa na mwanamke mwenye unga mikononi, na aliyezipokea upande wetu ni mumewe.

Nayajua mazungumzo yao kwa moyo maana yalikuwa yale yale.

"Mbale, imeondoka."

"Imeondoka na nani?"

"Watu watatu na mbuzi wa afande."

"Upepo?"

"Unatoka ziwani. Umekula?"

"Nitakula. Wewe?"

"Nimekula."

Sheria ya posta ilisema simu ya uwanja ni ya mambo ya ndege tu. Upepo ulikuwa wa ndege, watu watatu walikuwa wa ndege, hata mbuzi alikuwa wa ndege. Hilo la kula halikuwa la ndege. Lilipofika hapo nilikuwa nashika waya bila kuuchomoa, nikitazama ukutani, mpaka wamalize.

Saa ya mkononi Mzee hakuwa nayo wala hakuitaka. Ratiba ya shirika ilisema mwendo wa Jinja hadi Mbale ni nusu saa na ushee, lakini yeye aliupima kwa sufuria. Akishasikia "imeondoka" anabandika maji kwenye mafiga, nje ya kibanda chake. Yakichemka anatia unga. Ugali ukishaiva anauipua, anachota makaa yale yale kwa koleo, anakwenda nayo hadi kwenye lundo la majani mabichi kule konani. Ukiwasha mapema, aliniambia, moshi unakwisha ndege ikiwa bado juu ya mabonde ya mpunga. Ukichelewa, rubani anazunguka juu ya mji akiunguza mafuta ambayo nchi haina. Matokeo yake ni kwamba siku ya ndege hakuwahi kula ugali wa moto. Aliurudia ndege ikishaondoka, umeganda, akaula hivyo hivyo akinung'unika kana kwamba kuna mtu aliyemlazimisha.

Na ole wako uuite posho, kama watu wote wa Uganda. "Posho ni ya askari na wanafunzi," alisema. "Hii ni ugali. Nimeisonga mimi."

Alikuwa mtu wa kanisani, tena wa kiti cha mbele, lakini ng'ombe wakiingia uwanjani alitoa maneno ambayo mimi, mtoto wa Kiislamu niliyelelewa sokoni, sikuwa nimeyasikia. Mwenye ng'ombe alikuwa mama mmoja Mgisu asiyetishika. "Mzee," alimjibu siku moja nikiwapo, "ng'ombe hapana soma. Yeye nakula tu. Mwambie ndege angalie yeye." Jioni Mzee alimpelekea kapu la majani aliyoyafyeka, chakula cha ng'ombe wale wale. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikugombeza mchana, na kabla jua halijazama amekuja na kitu mkononi.

Jambo jingine: moshi wenyewe aliuchukia. Ulimtoa machozi, ulimkohoza, na akipita mbele ya jiko la jirani alifunika pua kwa kofia. Nikamcheka. Akasema, "Dada, hata mwalimu hapendi kelele za watoto."

Kulikuwa na mwalimu wa sekondari aliyepanga karibu nasi, kijana mpole, ambaye Mzee alimwomba siku moja amwonyeshe Jinja kwenye ramani. Mwalimu akafungua kitabu, akaweka rula juu ya nukta mbili za Jinja na Mbale, akamtajia maili. Mzee hakuzisikiliza maili. Aliinama, akaweka kidole chake cha shahada juu ya karatasi, na nukta ya Jinja ikaja kwenye ncha, ya Mbale kwenye kiungo cha kwanza. Akacheka sana. Kwa majuma kadhaa baadaye alimsimamisha kila mtu kumwonyesha kidole: Mama yuko hapa, mimi niko hapa. Kisha akamrudia mwalimu na kumwuliza mbona kwa barabara ni mbali. Mwalimu akamwonyesha jinsi barabara inavyoshuka Tororo ndipo ipande tena kuelekea Iganga na Jinja.

"Rula yako haijasimamishwa na askari," Mzee akamwambia.

Alijua alichokisema. Mwanzoni alikuwa akienda Jinja kwa basi kila mwisho wa mwezi. Kisha redio ikaanza kuitukana Kenya, na vizuizi vya askari vikaota barabarani, na Mkenya akigundulika kwa lafudhi au kwa kitambulisho alishushwa. Safari yake ya mwisho ya barabara hakufika hata Tororo. Walimshusha, wakamgaragaza kwenye matope ya kando ya njia, wakachukua viatu na furushi alilokuwa anampelekea mkewe, wakamwacha arudi alikotoka. Alirudi peku. Sikumwuliza lolote, nilimpikia chai, na alipomaliza kunywa alisema tu kwamba Mama asiambiwe habari ya viatu.

Tangu siku ile mke akawa karibu kwa ndege na mbali kwa kila kitu kingine. Walichobaki nacho ni ile simu, na mafurushi. Marubani walikuwa watu wema. Walibeba mukene waliokaushwa kutoka Jinja, vile visamaki vyembamba vya ziwani, wakarudisha malewa kutoka Mbale, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo Mama aliyapenda kuliko watu wa hapa wenyewe. Mzee alikuwa akilifungua furushi lake taratibu, anakunja kitambaa, anakirudisha kwa ndege inayofuata. Kitambaa kilikuwa kimoja miaka yote. Kilikwenda na kurudi mpaka maua yake yakafutika.

Najua utauliza swali ambalo kila mtu alimwuliza. Ndege ilirudi Jinja na viti vitupu. Marubani walimsihi. Nilimsikia mmoja, kijana wa Kiganda, akimwambia kwa heshima ya Kiganda, "Ssebo, panda bwana. Leo wewe unalala kwa Mama, Ijumaa nakurudisha."

"Na Ijumaa nani atawasha moshi?" Mzee akamjibu.

Alilisema kwa kiburi, kifua mbele, na rubani akakubali kuwa kazi ni kazi. Mimi sikukubali. Nilimwambia hata yule mama wa ng'ombe angeweza kuchoma majani. Akapangusa kofia isiyo na vumbi.

"Naogopa, dada," akasema. "Nimeiangalia miaka mingi ikipanda. Chini yake hakuna kitu. Mtu atashika wapi?"

Hakuwa mwoga wa mengine. Siku moja walifika askari wageni ambao hawakuwa na habari ya ndege, wakaona moshi kutoka barabarani, wakamjia mbio. Alinisimulia yeye, na mama wa ng'ombe, aliyekuwa amelala kifudifudi nyuma ya kichuguu, akathibitisha.

"Wewe mzee, moshi hii nasema nini?"

"Inasema upepo, afande."

"Naambia nani? Naambia Kenya?"

"Inaambia ndege ya Jinja, afande. Iko njiani."

Wakamwamuru ainue mikono wasubiri hiyo ndege. Na siku hiyo, kati ya siku zote, ndege ikachelewa. Bunduki iko mgongoni, mikono iko juu, na moshi unaanza kukonda. Mzee akasema, "Afande, niruhusu niongeze majani. Yule kijana ataanguka." Askari mmoja akamtazama kwa muda, akampigia lundo teke limsogelee. Akaongeza majani, akainua mikono tena. Ndege ilipotua akashuka mkubwa wao mwenyewe, na wote wakapiga saluti, na hakuna aliyemwambia Mzee ateremshe mikono. Aliiteremsha mwenyewe alipokumbuka ugali wake.

Kwa mkewe alisema nini kuhusu hilo? Ijumaa iliyofuata nilisikiliza. "Upepo?" "Unatoka ziwani. Umekula?" "Nitakula."

Kisha ikaja Jumanne ambayo sauti haikuwa ya Mama.

"Mbale, ndege imeondoka," alisema mwanamume. Alikuwa karani mwenyewe, sauti ya chini kiasi kwamba nilivibana visikilizio masikioni.

Mzee hakuuliza imeondoka na nani.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

"Ndege imeondoka, mzee. Washa moto." Simu ikakatwa.

Sikumwona, lakini najua kwamba alibandika maji, akasonga, akaipua, akachota makaa, kwa sababu kutoka dirishani posta niliuona moshi ukipanda wakati wake, mweupe, ukilalia upande wa mlima Wanale. Ndege ikatua. Halikuwapo furushi. Yule rubani wa Kiganda alivua kofia akamweleza: asubuhi askari walikuja na lori, wakawazoa Wakenya wote waliokuwa wakiuza vitu hapo uwanjani na barabarani. Mama alipanda lorini na sufuria yake ya chai. Karani alikuwa amejifungia ndani. Lori lilikoelekea hakuna aliyethubutu kuuliza.

Alikuja posta na majivu mpaka kwenye nyusi. "Dada wa simu, niunganishe Jinja." Nilimwunganisha Jinja yote. Nilijaribu sokoni, hospitalini, kwa mfanyabiashara mmoja wa Mafubira niliyemjua kwa sauti. Yule wa Mafubira alisema chumba kimefungwa kwa kufuli. Karani alisema, "Dada, hayo usiulize kwa simu." Mzee alikaa kwenye benchi mpaka nilipofunga ofisi. Nilikuwa nimeziunganisha simu za watu wote wa mji ule, na hiyo moja ilinishinda. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Ijumaa asubuhi alinijia dirishani amevaa koti la kanisani, begi dogo mkononi.

"Leo narudi na ndege," alisema. "Lakini lazima mtu awaambie Jinja imeondoka. Wewe utawaambia?"

Nikamwambia nitawaambia. Moshi wa siku hiyo aliuwasha yeye kama kawaida, akaisubiri ndege itue, akaumwagia moto maji, akapanda. Rubani alinisimulia baadaye kwamba alimpandisha akimshika mkono kama bibi harusi. Mimi nilisimama dirishani mpaka ndege ilipopita juu ya viwanda ikawa ndogo, kisha nikachomeka waya.

"Jinja, imeondoka," nilisema. Na nikaongeza lile ambalo halikuwa la ndege: "Ina mzee mmoja ndani. Mpokeeni."

Hakurudi Jumanne. Na baada ya majuma machache ndege zenyewe zikakoma. Shirika lilikuwa la nchi tatu, na nchi tatu zilikuwa zimegombana, kila moja ikabaki na ilichokuwa nacho uani. Uwanja wetu ukarudishiwa ng'ombe. Laini ya Jinja ikawa inafanya kazi leo, kesho haifanyi, kisha ikafa kabisa, ikaja vita, ikaja serikali nyingine. Opareta mwenzangu alikimbilia kwao, nikabaki peke yangu na mashine. Nilimkumbuka Mzee kila nilipoona mtu anachoma takataka.

Mwaka uliofuata vita nilitumwa Jinja kwa Landrova ya ofisi kuchukua visikilizio na waya badala ya vile vilivyoporwa. Tulitoka asubuhi, mchana tukawa tumefika. Hapakuwa na mtu wa kutushusha njiani, na nilishangaa jinsi nchi ilivyokuwa fupi. Kazi ilipokwisha nilimwomba dereva tupitie uwanja wa ndege.

Mzee alikuwa barazani. Alikuwa amekonda, mvi zimejaa kidevuni, amekaa kwenye kigoda kifupi cha mwanamke mbele ya jiko la makaa, akigeuza maandazi. Hayakuwa mazuri, yalikuwa yamebabuka upande mmoja. Aliinua macho, akanitambua kabla sijasema.

"Dada wa simu. Umekula?"

Tulikaa. Akanieleza kwamba baada ya vita alikwenda hadi kwao Mama, upande wa Kenya. Mama hakuwa amefika huko. Wengine waliopakiwa siku ile walishushwa mpakani, wengine hawakuonekana tena, na hakupatikana mtu wa kumwambia Mama alikuwa kundi lipi. Basi akarudi Jinja, akapanga kile kile chumba cha Mafubira, akashika jiko.

"Kama yuko hai, atanitafuta pahali pawili," alisema. "Akija hapa, mimi niko. Akienda Mbale, si uko wewe? Atauliza posta. Ndiyo maana nimetulia."

Nikamwambia ndiyo, niko.

Nilimwuliza habari ya ndege, kama aliogopa. Aligeuza maandazi mawili kabla ya kunijibu.

"Nilifumba macho, dada. Nikaanza kuomba Baba Yetu, na nyingine ninazozijua. Nikasikia imegusa chini. Nikafikiri imeharibika tumerudi Mbale. Nikamwambia kijana, pole, basi tutaenda siku nyingine. Akaniambia, mzee, hii ni Jinja." Alinyoosha kidole cha shahada, akakitazama kile kiungo cha kwanza. "Ilikuwa karibu hivyo. Miaka yote hiyo, ilikuwa karibu hivyo."

Dereva alipiga honi, maana alitaka tufike Mbale na mwanga. Mzee alinifungia maandazi kwa kitambaa, na nilikijua kitambaa kile ingawa maua yalikuwa yamekwisha kabisa. Akasema nikirudishe nikipata mtu wa kuja. Ofisi ya uwanja ilikuwa nyuma yake, haina mlango wala vioo, na kupitia dirishani niliiona simu nyeusi juu ya meza ya karani. Macho yangu ni ya kazi ile. Waya wake ulikuwa umekatwa, ncha zinaning'inia ukingoni mwa meza.

Tulipoanza kuondoka niligeuka nimpungie mkono. Hakuwa kwenye kigoda tena. Alikuwa amesimama ndani ya ofisi, kofia mkononi, ameweka simu sikioni, na mdomo wake ukatamka neno moja, kwa nguvu, kama mtu anayesema kwenye laini mbovu. Nililijua bila kulisikia: imeondoka. Kisha akasubiri ajibiwe. Aliyetakiwa kumwunganisha na Mbale alikuwa mimi, na mimi nilikuwa ndani ya gari.